Lubumbashi: Kompyuta ya shule ilikufa, na pointi za wanafunzi wa zamani zikabaki ndani

Kompyuta mpya inaweza kununuliwa kwa siku moja. Programu ya zamani haihamishwi kama meza au kiti. Katika shule moja ya sekondari ya Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, radi ilipiga kompyuta iliyokuwa inatunza pointi za wanafunzi tangu wakati wa Zaïre. Mashine mpya ilipofika, ilikataa kabisa kufungua programu ile. Ni habari ya shule moja, lakini inagusa hospitali, maduka ya dawa, maparokia na ofisi nyingi za nchi yetu.

Niliyaona mambo haya mimi mwenyewe, kwani yalianzia nyumbani kwetu. Yaya yangu ni muuguzi. Alimaliza sekondari mwaka 1999. Mwaka huu alitaka kuendelea na masomo ya lisansi, na kati ya karatasi alizoombwa kulikuwa buletini za mwaka wa tano na wa sita wa sekondari. Zake zilipotea zamani, wakati wa kuhama nyumba. Alipewa majuma matatu kuzileta.

"Si kitu," alisema. "Nitaenda shuleni, watanitolea zingine."

Siku ya kwanza ya juma, saa mbili asubuhi, tulikuwa mbele ya ofisi. Papa prefe alitupokea vizuri, akasikiliza, kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya sekretariati. Pale, chini ya kitambaa, kulikuwa kompyuta ya zamani yenye vumbi.

"Mama, pointi zako zimo humo," alimwambia yaya. "Lakini haiwaki tena tangu mvua za mwezi wa kwanza. Radi iliipiga. Tulinunua nyingine, nayo haitaki programu yetu."

Katibu wa shule, kijana mmoja mwenye bidii, alituonyesha. Alikuwa na programu ile kwenye flashi. Aliichomeka, akabonyeza mara mbili, na kompyuta mpya ikajibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye mashine hii. Basi. Hakuna maelezo mengine. Tena, tulipotazama vizuri ile flashi, tuligundua jambo lingine baya zaidi: katibu alikuwa amenakili programu peke yake. Mafaili yenye pointi hakuyanakili. Hayo yalikuwa yamebaki ndani ya mashine iliyopigwa na radi.

Reli haziko sawa

Kwa nini kompyuta yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya zamani inashindwa kazi ambayo ile ya zamani iliiweza? Fundi aliyeitwa na shule alitueleza kwa mfano ambao kila mtu wa Lubumbashi anauelewa. Reli zetu zina upana wa milimita 1067. Reli nyingi za Ulaya zina milimita 1435. Leta behewa zima kutoka Ulaya, jipya, lisilo na kasoro, uliweke kwenye reli zetu: halitatembea. Behewa halijaharibika, wala reli hazijaharibika. Havikutengenezwa kwa ajili ya kukutana.

Programu ya shule iliandikwa mwaka 1994, na kijana mmoja ambaye wakati huo alikuwa anafundisha hesabu hapo. Aliiandika kwa Clipper, lugha ambayo watu wengi walitumia miaka ile kutengeneza programu za pointi, za stoku na za mishahara. Ilitengenezwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa uendeshaji uliokuwepo kabla Windows haijaenea. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kubwa inayosimamia mashine nzima: ndiyo inayotoa nafasi kwenye diski, inayopokea yale unayoandika na inayozungumza na mashine ya kuchapa. Kila programu nyingine inaisimamia juu yake kama mpangaji ndani ya nyumba.

Programu za DOS zilifanya kazi kwa biti 16. Baadaye zilikuja Windows za biti 32, nazo zilihifadhi ndani yao chumba kidogo kwa ajili ya wapangaji wa zamani: ukifungua programu ya DOS, Windows iliifanya iamini kwamba bado iko kwenye mashine yake ya zamani. Ndiyo maana programu ya shule iliweza kuhama kutoka kompyuta ya kwanza kwenda kwenye Windows 98, kisha kwenye Windows XP, bila mtu yeyote kugusa hata herufi moja ndani yake. Watu wakazoea, wakadhani itakuwa hivyo siku zote.

Leo karibu kompyuta zote zinazouzwa ni za biti 64, na Windows ya biti 64 haina tena chumba kile. Windows 10 ndiyo ya mwisho iliyokuwa na toleo la biti 32. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu. Na tangu tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025, Microsoft imeacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida. Kwa maneno mengine, mlango ambao programu za DOS zilikuwa zinapitia kwa zaidi ya miaka 30 umefungwa, na wengi hawakusikia sauti ya mlango huo.

Siyo aibu ya Congo peke yake

Mtu anaweza kusema ya kwamba hayo ni mambo ya nchi maskini, zinazotumia vitu vilivyochoka. Sivyo. Mwezi wa ine mwaka 2020, wakati wa Covid-19, gavana wa jimbo la New Jersey huko Marekani, Phil Murphy, aliomba mbele ya waandishi wa habari wajitokeze watu wanaojua COBOL, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1959. Watu waliopoteza kazi walikuwa wengi sana, na mfumo wa kuwalipa msaada ulikuwa ungali umeandikwa kwa lugha hiyo. Jeshi la Marekani lilitumia disketi kubwa za inchi 8 katika mfumo mmoja wa silaha za nyuklia hadi mwaka 2019. Serikali ya Japani iliondoa masharti ya kutumia disketi katika ofisi zake mwaka 2024.

Nchi hizo zina pesa na wataalamu, lakini nazo zinaogopa kugusa programu za zamani. Sababu ni moja: programu inayofanya kazi kwa miaka 30 imebeba ndani yake maamuzi mengi ambayo hakuna mtu aliyeyaandika mahali pengine. Ukiibadilisha bila kuyajua, unaweza kuharibu mshahara wa mtu, deni la mtu, au, kama tulivyoona sisi, mwaka wa masomo wa mtu.

Kwa nini basi tusiache mashine ya zamani iendelee hadi itakapokufa? Hatari ni mbili. Ya kwanza tumeiona: siku ya kufa haitangazwi. Ya pili ni ya usalama. Mwezi wa tano mwaka 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa kupitia kasoro ya Windows. Mashine zilizokuwa hazijapokea marekebisho ndizo zilizoumia, na mafaili yake yalifungwa hadi mwenyewe alipe. Kompyuta ya Windows XP iliyounganishwa na intaneti leo ni kama nyumba isiyo na kufuli.

Diski ilikuwa hai

Turudi shuleni. Siku ya pili fundi alifungua sanduku la kompyuta iliyokufa. Radi ilikuwa imechoma sehemu inayogawa umeme na kadi kubwa ya ndani. Diski, ile inayotunza mafaili, haikuwa na alama ya moto. Lakini ilikuwa diski ya aina ya zamani, yenye waya mpana, na kompyuta mpya haina mahali pa kuiunganisha. Alienda mjini kuazima kifaa kidogo cha kuunganisha diski za namna hiyo kwa njia ya USB. Alirudi saa tisa. Aliunganisha. Tulisikia diski ikizunguka.

Kabla ya kufungua faili lolote, alinakili kila kitu kwenye flashi mbili. "Diski hii ina miaka mingi," alisema. "Inaweza kuzunguka leo mara ya mwisho."

Mafaili ya pointi yalikuwa ya aina inayoitwa DBF, iliyotoka kwa programu ya dBase ya miaka ya 1980. Hapa kulikuwa habari njema: mafaili hayo bado yanasomeka na programu za leo. Fundi aliyafungua na LibreOffice, ambayo haiuzwi, na safu za majina na namba zikatokea kwenye kioo. Katibu alipiga makofi.

Furaha ilidumu dakika moja. Majina mengi yalikuwa yameharibika. Penye jina la Béatrice kulikuwa B, alama kama mkato, kisha atrice. Andre wote wenye alama juu ya herufi ya mwisho walikuwa wamekatwa mkia. Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Kompyuta haitunzi herufi, inatunza namba. Katika DOS ya Kifaransa, herufi é ilikuwa namba 130. Katika Windows, é ilikuja kuwa namba 233, na 130 ikapewa alama nyingine inayofanana na mkato. Faili halijabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msomaji. Fundi alifungua faili upya, akaiambia LibreOffice isome kwa hesabu ya zamani ya DOS, na Béatrice akarudi na jina lake.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kwa mtu anayetafuta karatasi ya kisheria si dogo. Jina lililoandikwa vibaya kwenye buletini linaweza kukataliwa mahali pengine popote.

Arobaini na tisa au hamsini na moja?

Jina la yaya lilipatikana. Pointi zake za kila somo zilikuwepo: vipindi vine na mitihani miwili kwa mwaka. Lakini hakukuwa na asilimia. Mtunga programu hakuitunza kwenye faili. Programu ilikuwa inaihesabu upya kila mara mtu anapotaka buletini. Na maksima za kila somo, yaani pointi za juu kabisa ambazo mwanafunzi anaweza kupata, hazikuwa kwenye mafaili hayo. Zilikuwa ndani ya programu yenyewe.

Papa prefe anajua kazi yake. Aliandika maksima za wakati ule kwenye karatasi: somo lenye 20 kwa kipindi lina 40 kwa mtihani, kwa hiyo 80 kwa semesta na 160 kwa mwaka mzima. Fundi alitengeneza hesabu kwenye LibreOffice. Mwaka wa sita: 58 kwa mia. Mwaka wa tano: 49.

Yaya alinyamaza. Kwa 49 mwanafunzi hajapita mwaka. Naye alipita, kwani alifanya mwaka wa sita na akapata diploma ya serikali.

"Hesabu haikunipenda mwaka ule," alisema polepole, "lakini sikurudia darasa."

Fundi alijaribu njia nyingine. Alipakua DOSBox, programu isiyouzwa ambayo kazi yake ni kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Wengi wanaitumia kwa kucheza michezo ya zamani. Aliweka humo programu ya shule pamoja na mafaili yote aliyoyatoa kwenye diski, akaiwasha. Kioo kikawa cha buluu, na juu kabisa tukasoma, kwa Kifaransa: Jamhuri ya Zaïre, Mkoa wa Shaba. Nchi imeacha kuitwa Zaïre tangu mwaka 1997, na Shaba ikarudishiwa jina la Katanga mwaka huohuo, kabla ya kugawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015. Programu haikujua hata moja kati ya hayo. Sehemu yake ya malipo ya shule ilikuwa ingali inahesabu kwa zaïre mpya, pesa iliyokufa mwaka 1998 ilipokuja franka ya Congo.

Katibu aliandika namba ya yaya. Buletini ya mwaka wa tano ikatokea: 51 kwa mia.

Sasa tulikuwa na majibu mawili kutoka mafaili yaleyale. Fundi mwenyewe alikiri kwamba hajui lipi ni la kweli. Angeweza kulijua kama angekuwa na msimbo wa chanzo, yaani yale maandishi ambayo mtunga programu huyaandika kwa mkono wake kabla mashine haijayageuza kuwa lugha ya namba. Lakini mwalimu yule alihama nchi miaka mingi iliyopita, na shuleni aliacha programu iliyokwisha kugeuzwa tu. Kuisoma kutoka hapo ni kama kupewa mkate na kuombwa uutoe unga.

Aliyejua alikuwa nyumbani

Papa prefe alifikiri kidogo, kisha akapiga simu kwa mama aliyekuwa sekretere wa shule kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye sasa amepumzika. Alikuja kesho yake, siku ya tatu, na mkoba mkononi. Alisalimia, akakaa, akavaa miwani, akatazama orodha ya mafaili ambayo fundi alikuwa ameichapa.

"Hili umelisoma?" aliuliza, akiweka kidole kwenye faili lenye jina la herufi tatu: DLB.

"Hapana, Mama. Ni dogo sana. Nilidhani ni uchafu uliobaki."

"Si uchafu, mwanangu. Ni deliberasiyo."

Alitueleza. Mwisho wa kila mwaka, baraza la walimu linakaa kuangalia wanafunzi waliokosa kidogo sana. Baraza linaweza kuongeza pointi kwa mtu ambaye walimu wameona anastahili. Pointi hizo hazikuandikwa pamoja na pointi za kawaida, ili asili isiguswe. Ziliwekwa kwenye faili lake peke yake, na programu ilizijumlisha wakati wa kuchapa buletini. Ndani ya mkoba wake alikuwa na daftari la zamani alilokuwa anaandikia maamuzi ya baraza. Alitafuta mwaka, akatafuta darasa, akasimamisha kidole.

"Hesabu na kemia," alisema. Kisha alimtazama yaya juu ya miwani. "Binti yangu, nakukumbuka. Ulikuwa unakuja shuleni kwa mguu kutoka mbali."

Basi 51 ndiyo ilikuwa kweli. Kama shule ingeamini jedwali jipya peke yake, ingempa yaya karatasi yenye muhuri inayosema kwamba alishindwa mwaka ambao alipita. Tena hakuna mtu ambaye angekuwa amedanganya. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni sharti moja ambalo liliishi ndani ya programu na ndani ya kichwa cha mama mmoja.

Njia tatu, na bei ya kila moja

Kutoka hapo tunaweza kuona njia ambazo watu wanazo wanapotaka kuokoa programu ya zamani.

Njia ya kwanza ni kuigiza mashine ya zamani, kama fundi alivyofanya. Ni ya haraka na haibadilishi kitu: programu inatoa jibu lilelile iliyokuwa inatoa. Lakini ni kama kuweka mgonjwa kwenye oksijeni. Programu ya shule ilijua kuchapa kwa njia moja tu, kwa mashine za zamani za utepe zilizounganishwa kwa waya mpana. DOSBox ya kawaida haichapi. Buletini ilionekana kwenye kioo tu, ikabidi tuipige picha. Kuna matoleo mengine yaliyotengenezwa kwa kazi za ofisi, yanayojua kuchapa kwenye mashine za leo, lakini lazima kuwe na mtu wa kuyapanga. Kuna pia FreeDOS, mfumo wa bure uliozaliwa mwaka 1994 ili DOS isife, unaoweza kuwekwa kwenye kompyuta nzima ya zamani.

Njia ya pili ni kuileta programu yenyewe kwenye mfumo mpya. Hiyo inahitaji msimbo wa chanzo. Kwa wale walio nao, kazi inawezekana: programu zilizoandikwa kwa Clipper zinaweza kupitishwa kwenye Harbour, chombo cha bure kinachoelewa lugha hiyo na kutoa programu zinazofanya kazi kwenye Windows na Linux za leo. Hata hapo kuna mitego. Miaka ya 1990, programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilianza kuanguka zinapofunguliwa, zikitoa kosa namba 200. Kosa lilikuwa nini? Kompyuta zilikuwa zimekuwa za haraka kupita kiasi. Programu ilipima kasi ya mashine mwanzoni, namba ikatoka kubwa kuliko nafasi iliyowekewa, nayo ikaanguka. Mtunga programu hakuwaza kwamba siku moja kasi ingekuwa kosa.

Njia ya tatu ni kuandika programu nyingine kabisa na kuhamisha mafaili. Hii ndiyo njia ya taasisi kubwa. Madaktari wa afya ya umma wanakumbuka Epi Info, programu ya bure ya kituo cha CDC cha Marekani ya kuchunguza magonjwa ya mlipuko. Ilianza kwenye DOS mwaka 1985. Ilipohamia Windows, iliandikwa upya, na watu wengi waliendelea kwa muda mrefu kutumia toleo la 6 la DOS kwa sababu lilikuwa jepesi na walilizoea. Huko Denmark wengine walitengeneza EpiData, wakifuata mwendo wa toleo lile la 6 ili lisipotee. Hayo yanatufundisha kwamba programu mpya inaweza kuwa nzuri zaidi na bado ikawaacha watu nyuma, hasa wale wenye mashine dhaifu na umeme usiotulia.

Kwa shule ndogo, kwa dispansari au kwa duka, swali la kwanza lisiwe "programu hii tutaihamisha namna gani?" Swali liwe: "ndani yake kuna nini ambacho watu watakuja kutuomba miaka 20 ijayo?" Shule haihitaji kioo cha buluu. Inahitaji pointi, majina yaliyoandikwa vizuri, na maamuzi ya baraza.

Mambo ya kufanya wakati mashine ingali hai

Fundi na papa prefe waliandika pamoja karatasi moja, ambayo sasa imebandikwa ukutani pa sekretariati. Tunaifupisha hapa kwa faida ya wasomaji walio na kompyuta ya namna hiyo ofisini.

Kwanza, nakili mafaili, siyo programu peke yake. Weka nakala mbili, na moja isilale ndani ya jengo lilelile. Moto, mafuriko na wezi havichagui.

Pili, fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine na utazame kama zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

Tatu, ita wale waliotumia programu hiyo wakati wanaishi na wanakumbuka. Waulize kila faili ni la nini, na kila herufi fupi ina maana gani. Andika. Kazi hiyo inaomba daftari na kalamu tu.

Ine, ukihamisha kwenda programu mpya, usiamini jumla peke yake. Chukua karatasi za zamani zilizochapwa na kupigwa muhuri, ulinganishe moja baada ya nyingine. Palipo na tofauti, usisahihishe kabla ya kujua sababu.

Tano, ukimlipa mtu akutengenezee programu mpya, andika kwenye mkataba kwamba atakuachia msimbo wa chanzo, maelezo ya masharti yote, na njia ya kutoa mafaili yako kwa namna ambayo programu nyingine zinaweza kusoma. Asiyekubali hayo anakuuzia kufuli na kubaki na ufunguo.

Sita, usitupe mashine ya zamani siku ile mpya inapofika. Iondoe kwenye intaneti, ifunike, ingoje hadi utakapohakikisha kwamba hakuna kilichobaki ndani.

Yaya alipeleka karatasi zake siku mbili kabla ya majuma matatu kwisha. Zilikuwa zimeandikwa upya kwenye fomu ya leo, chini ya jina la leo la nchi na la jimbo, na sahihi ya prefe na muhuri wa shule. Zilipokelewa.

Shuleni kazi haijaisha. Kila siku ya posho, katibu na mama sekretere wanakaa pamoja mbele ya kompyuta mpya. Yeye anasoma kutoka kwenye daftari lake, kijana anaangalia kioo na kuandika. Wanaenda mwaka kwa mwaka, darasa kwa darasa, wakichapa kila kitu kwenye karatasi pia. Tulipopita kuwasalimia walikuwa wamefika mwaka 2003.

"Kuna wengine wanakuja kuuliza pointi zao kila juma," alisema mama yule bila kuinua macho. "Tuwatafutie kabla na mimi sijasahau."